Boti Itasimama Sorlana

Sorlana, 14 Juni 1971

Boti itasimama Sorlana. Nives, kama umesimama, kaa kwanza. Olindo wangu amevishwa kofia ya kazi, ndiye anayewaongoza watalii wanaotoka Como asubuhi na kurudi jioni, na Jumapili ya sikukuu yetu, tarehe kumi na mbili Septemba, atawashusha hapa kwenye gati letu, watu sitini, wote wakimfuata mwanangu kama vifaranga.

Hujambo, mdogo wangu? Watoto wazima? Na kifua cha mumeo kimepoa, au bado vumbi la mgodi linamsumbua huko Ubelgiji? Sisi tunaendelea, ila lipo moja nitakuambia chini.

Kwanza nimalize furaha. Yule mwalimu aliyesema kichwa cha Olindo ni cha kupasulia kuni, leo mtoto anasema Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na Kiitaliano chake kimekuwa kama cha redioni. Anasimama mbele ya boti na kipaza sauti, akisema tazameni kulia shingo zote zinageuka kulia. Ameniandikia kwamba habari ya kusimama Sorlana atamwuliza mkubwa wake. Mimi nikisoma "nitauliza" kwa mwandiko wa Olindo, najua kwamba limekwisha. Mkubwa gani atamkatalia kijana kama yule?

Sasa la chini. Battista ni mgonjwa. Kikohozi cha wakati wa baridi hakikuondoka, na daktari amenivuta pembeni akaniambia hataiona theluji. Shemeji yako mwenyewe anajua. Anataka jambo moja tu, amwone mwanawe wapatane. Unakumbuka miaka mitatu iliyopita Olindo alipoziacha nyavu, Battista akamwambia pale gatini mbele ya watu, "Siku ukirudi utanikuta nimekupa mgongo." Mtoto akapanda boti na hajakanyaga hapa tena. Leo baba mtu anamtaka, lakini ameniapisha nisimwandikie kuhusu ugonjwa. Anasema, "Mtu haitwi kwa kitanda. Aje kwa miguu yake, kwa kuwa ametaka." Nimeapa, na wewe nakuapisha.

Agoni, wale samaki wa ziwa letu, walikuja kuzaa ukingoni wiki zile mbili kama kawaida. Battista hakuweza kutoka, akatutolea nyavu jirani yetu Galdino, mzee wa miaka tisini na moja mwenye nguvu za nyumbu. Nimewapasua, nimewaanika juani, nimewapanga kwenye debe na majani yao ya harufu, na juu nimeweka lile jiwe la mama yetu. Debe hilo halifunguliwi mpaka siku ya boti. Watalii watakula samaki na polenta, ugali wetu wa mahindi, mpaka wasahau kwao.

Dada yako anayekupenda,
Ersilia

*

Como, 27 Juni

Mama,

Barua yako nimeipata. Nilisema nitauliza, sikusema nimekubaliwa. Mkubwa wangu ni mtu wa saa, hapendi kubadilisha safari. Nakuomba usiwaambie watu kwanza.

Soksi zimefika, asante. Mchana kuna joto, lakini majini asubuhi zinanifaa.

Baba hajambo? Ananiulizia?

Olindo

*

Sorlana, 4 Julai

Mwanangu Olindo,

Usijali, sijamwambia mtu ila padri na mwoka mikate. Padri kaona si vibaya kutangaza kanisani, na bendi imeanza mazoezi. Wamechagua ule wimbo wa maandamano, tarumbeta bado inapiga chafya, lakini Septemba iko mbali. Mke wa mwoka mikate ananiuliza eti Olindo atatukumbuka sisi watu wa gatini? Nikamjibu kwamba anayesahau ni yule aliyekula mkate wa mumewe akamwaga machozi, si aliyekula wangu. Amenuna mpaka leo.

Baba yako ni mzima kama mwaloni. Jana alishona nyavu mchana kutwa. Hakutaji kwa jina, unamjua, lakini amekihamishia kiti chake dirishani, mahali boti zinapopita, na akisikia injini anainua shingo. Wewe soma hapo mwenyewe.

Ukikutana na mtu wa huku akakuambia kwamba kwenye kichochoro chetu cha gati kuna mgonjwa, ni Galdino. Maskini mzee anakohoa siku hizi, na kwa miaka ile ni kawaida, hakuna la kushtusha.

Uje umevaa ile kofia. Shati pia lipige pasi kwenye kola, wewe huwa unapiga mbele tu kwa kuwa nyuma hujioni.

Mama yako

*

Como, 1 Agosti

Mama mdogo Nives,

Nakuandikia wewe kwa sababu mama siwezi. Mkubwa amekataa, tena zamani, kabla ya Juni kwisha. Boti yetu inapita mbele ya Sorlana saa tano kasoro dakika kumi, na saa tano na nusu wageni wawe mezani Bellagio. Haisimami. Haipunguzi hata mwendo.

Unajua ninachosema kwenye kipaza sauti tukifika pale? Nimepewa maneno kwenye karatasi: "Upande wa kushoto, kijiji kidogo cha wavuvi, leo wamebaki wazee wachache." Nasema kwa lugha tatu. Mara ya tatu nakuwa nimeshalipita dirisha letu.

Nilitaka kumwandikia mama, naye amekwisha waweka watu wa bendi mazoezini. Kila barua yake inaongeza kitu. Sasa kuna maua. Nitamwambia mwenyewe, wewe usimwambie.

Najua utasema nipande basi Jumanne, siku yangu ya kupumzika. Nimefika kituoni mara mbili. Namwona baba akilini, amesimama palepale gatini, mzima, kifua mbele, na nageuka. Angekuwa mdhaifu ningekwenda, hata kwa magoti. Mama anasema yuko kama mwaloni. Mtu mzima kama mwaloni akikupa mgongo, utafanya nini? Afadhali baridi ipite, akae na upweke kidogo, ndipo niende.

Mtoto wako,
Olindo

*

Marcinelle, 10 Agosti

Dada Ersilia,

Sisi wazima. Kifua cha mume wangu kiko vilevile.

Dada, mwandikie mtoto ukweli. Najua umeapa. Kiapo cha namna hiyo padri atakuvua kwa Salamu Maria tatu. Mwambie baba yake anakwisha, apande basi kesho, asingoje sikukuu. Boti ni ya watu wengine, ina ratiba yake, leo inasimama kesho haisimami. Basi ni la kila mtu.

Mimi nimefungwa mdomo huku na huku, nimekuwa kama sanduku lenye kufuli mbili. Nifungulie hata moja.

Nives

*

Sorlana, 22 Agosti

Nives,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili sikuipenda. Boti ya watu wengine, wasema. Kiongozi wake nani? Wanao ni watoto wema, sisemi, lakini wanashuka chini ya ardhi na hakuna anayekwenda kuwatazama kwa kiingilio. Wangu anatazamwa. Usinichafulie.

Nisamehe kwa hilo. Silifuti kwa kuwa wino ni haba.

Battista hapandi tena ngazi. Tumemshushia kitanda chumba cha chini, dirisha la majini, mito ya mgongoni mitatu. Jana nilimwambia maneno yako, nikafikiri labda atalegea. Akasema, "Wiki tatu. Nimengoja miaka mitatu, nitashindwa wiki tatu?" Kisha akaniuliza nimemwekea nani wale samaki wa juu, wakubwa. Nikasema wa Olindo. Akasema, "Nusu na mimi." Nusu na yeye, Nives, mtu asiyemeza hata supu.

Kwa hiyo siandiki. Nikiandika sasa nitakuwa nimemnyang'anya mtu kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Mabango ya karatasi ya rangi tumekwisha kata. Mwoka mikate atatoa keki, kwa shingo upande, lakini atatoa.

Ersilia

*

Como, 12 Septemba

Mama mdogo,

Sikumwambia. Nilijua sitamwambia. Leo tumepita.

Watu wote walikuwa gatini. Nguo za Jumapili, bendi, karatasi za rangi kwenye kamba. Nilisimama upande wa pili wa nahodha nisionekane, kama mwizi, nikashika kipaza sauti na ile karatasi yangu. Nilingoja bendi ianze, nikijua ikianza nitakufa kwa aibu. Haikuanza. Walisimama tu na matarumbeta yao mikononi.

Ndipo kengele ikalia. Si ya sikukuu, ya msiba. Bibi mmoja Mjerumani akaniuliza ni ya nini, na kwa kuwa nilishukuru kupata jambo la kusema lisilokuwa kwenye karatasi, nikawaeleza wote kwa kipaza sauti. Nikawaambia kwamba Sorlana hatusubiri kuambiwa nani amekufa, tunahesabu. Tatu mara mbili, ni mwanamke. Tatu mara tatu, ni mwanamume. Kisha kimya, halafu vishindo vya kichochoro chake: kimoja kwa kichochoro cha gati, viwili cha kanisa, vitatu cha juu. Nikawaambia hesabuni nami. Watu sitini wakahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Tisa. Kimya. Kimoja.

Nikasema, mwanamume, wa kichochoro cha gati. Nikasema ni mzee sana, wakati wake ulikuwa umefika. Wakapiga picha mnara.

Maskini Galdino. Alinifundisha kuogelea kwa kunitupa. Mama aliniandikia kwamba anakohoa, nami sikumtumia hata salamu.

Mama atakuwa amesema nini kuhusu boti kutosimama? Naogopa barua yake.

Olindo

*

Sorlana, 15 Septemba

Mwanangu,

Tulikungoja. Nakuambia hili kwanza nisije nikalizungukazunguka. Siku mbili hatukufunga jeneza.

Baba yako alikwenda Jumapili saa tatu asubuhi. Saa mbili aliniuliza boti iko wapi, nikamwambia imekaribia, imevuka rasi. Akasema nimnyooshee kola. Hakusema tena.

Niliwaacha watu gatini na bendi yao, wasimamizi wa kanisa wakaenda kwenye kengele, mimi nikakaa naye na dirisha wazi. Na sauti yako ikaingia chumbani. Olindo, ilikuwa wazi kama ungekuwa umekaa kitandani. Kijerumani sikielewi, lakini uliporudia kwa lugha yetu nilisikia kila neno: mwanamume, wa kichochoro cha gati, mzee, wakati wake ulikuwa umefika. Nikamshika mkono nikamwambia, "Umesikia? Amehesabu. Amejua." Sauti yako haikutetereka. Wageni wasingejua kamwe kwamba unawatangazia baba yako. Niliona fahari, Mungu anisamehe, saa ile ile niliona fahari.

Na boti kutosimama, kila mtu alielewa. Mke wa mwoka mikate mwenyewe alisema ni heshima, boti ya muziki haiwezi kuteremsha watalii kwenye gati la msiba. Nikawaambia ndiyo, ndivyo Olindo alivyo.

Galdino alisema tukupigie simu kutoka baa. Nikasema ya nini, mtoto amejua, sote tumesikia kwa masikio yetu. Kwa hiyo Jumatatu tukalingoja basi la asubuhi, na la mchana. Jumanne padri alitaka tuanze saa nane, nikamwomba hadi saa kumi, basi la mwisho lipite. Lilipita. Aliteremka mtu wa posta tu. Ndipo wakagongomea kifuniko.

Hakuwa amekupa mgongo, mwanangu. Nilimlaza mwenyewe, uso umeelekea dirishani.

Kama ulizuiwa, niambie. Kama ulikuwa bado umemkasirikia, usiniambie.

Mama

*

Como, 22 Septemba

Mama mdogo,

Barua yako ya tarehe tisa, "Baba yako anakufa, panda basi," ilifika siku moja na ya mama. Ziliingia pamoja chini ya mlango. Sikulaumu. Uliapishwa, na barua za Ubelgiji huja kwa miguu.

Nimesoma na kusoma mpaka karatasi imechanika kwenye kunjo. Niliwahesabisha watu sitini kifo cha baba yangu, nikawaambia wakati wake ulikuwa umefika. Yeye alikuwa dirishani. Masaa mawili yalitutenga, labda hata mawili hayakutimia.

Kichochoro cha gati kina wanaume wawili. Ningeweza kuhesabu sawa kama nisingeambiwa ni nani anayekohoa.

Mama hajui hilo. Hajui kwamba ile barua yake ndiyo iliyonituliza. Akijua hataishi. Kwa hiyo nimemwandikia kwamba ndiyo, nilijua, nilihesabu, na kwamba mkubwa wangu alininyima ruhusa siku zote mbili. Nimemwambia pia boti haikusimama kwa ajili ya msiba. Ni uongo mara mbili, lakini kila mmoja unambakishia kitu. Ukimwandikia, yashike hivyohivyo.

Mimi sitaweza kushuka kwenye lile gati. Watanipa mikono, watanisifu kwa sauti yangu isiyotetereka, na Galdino atakuwa pale, mzima. Nimepata kazi ya kuhudumia meza kwenye meli inayotoka Genova tarehe kumi na mbili Oktoba kwenda Argentina. Nimetia sahihi ya miaka miwili. Mama hili pia usimwambie. Nitamwandikia kutoka huko, maji yakiwa mengi kati yetu.

Kile kipaza sauti nimekirudisha. Na kofia.

Olindo

*

Sorlana, 3 Oktoba

Atakuja. Nives, mtoto ameniandikia, na sasa nakuandikia kwa mambo mawili, msiba na furaha, lakini furaha nayo imo.

Asante kwa mshumaa uliomwashia Battista huko, na kwa barua yako fupi. Ilikuwa fupi sana, hata nikafikiri unaumwa.

Alijua. Alihesabu sawasawa, kama nilivyokuambia, hakuna mtoto wa Sorlana asiyejua kuhesabu kengele. Ni yule mkubwa wake asiye na utu aliyemnyima ruhusa ya kuja kuzika. Na boti haikusimama kwa heshima ya msiba, ameandika mwenyewe, nimempeleka mke wa mwoka mikate barua akaisoma kwa macho yake. Kuja hajaandika kwamba atakuja, lakini ameandika, "Nawaza gati letu kila siku." Mtu anayewaza gati atafika gatini. Mimi namsoma mwanangu.

Nikuambie jambo moja ambalo sijamwambia hata padri. Mwezi wa saba nilimwandikia kwamba Galdino ndiye anayekohoa. Baba yako, nikasema, ni mwaloni. Ulikuwa uongo mdogo wa kukilinda kiapo. Tangu siku ya mazishi nilikuwa silali, nikijiuliza, je, kama aliusadiki? Kama alihesabu tisa na kimoja akamwaza Galdino? Galdino akija kula naangalia sahani yangu. Lakini barua imefika, mtoto alijua. Namshukuru Mungu kwamba hakuniamini.

Sasa nalala.

Debe sijalifungua. Wageni wa mazishi walikula jibini. Kila Ijumaa naliongezea jiwe uzito, mafuta yanapanda juu, safi, na wale wawili wakubwa wa juu wako palepale. Nusu ya baba nitamwekea Olindo pia, ale yote.

Boti za watalii zinapumzika kuanzia tarehe kumi, kwa hiyo hatakuwa na mkubwa wa kumzuia. Nimezungumza na padri, ile misa ya kumwombea Battista siku ya thelathini tumeisogeza mbele kidogo ili mtoto apate nafasi. Bendi itakuja bila ngoma. Nimekwisha mwandikia Como, hajajibu, yuko kazini mpaka siku ya mwisho, unamjua. Wewe na mumeo mkiweza kupanda treni, njooni, kitanda cha chini kiko wazi, kile cha dirishani. Kila mtu ameambiwa. Ni Jumapili, tarehe kumi na saba Oktoba, saa nne asubuhi, nami nitakuwa gatini tangu saa tatu.

Dada yako,
Ersilia